Mbuzi wa Ngui, Kahawa ya Wakio

Soko la Voi lilikuwa limefurika na joto halikuwa na huruma, lakini Wakio alisimama pale na gauni lake la njano na gambuti zenye matope ya Mgange, kwao milimani, akiuza kahawa ya chupa kana kwamba soko ni la babu yake. Ngui akapokea kikombe, akakinusa, akakinusa tena.

“Wewe ni wa kunywa ama wa kunusa?”

“Pua ndiyo kazi yangu, mrembo. Kuna kampuni Nairobi imenituma nitafute kahawa isiyopatikana kwingine.”

“Basi umeipata. Kunywa, Bwana Pua, watu wanangoja kikombe.”

Alikunywa, na miguu ikakataa kuondoka. Kahawa hiyo ilitoka kwa mibuni michache mizee ya marehemu bibi yake Wakio, iliyokua chini ya migomba bila dawa wala mbolea ya dukani. Majirani walikuwa wameing'oa aina hiyo zamani. Wakio alikuwa akiotesha miche yake, na baba yake mdogo, Crispus, alikuwa ameshamwonya: mvua za vuli zikianza kabla kipande cha shamba alichomwachia hakijapandwa, yeye atapanda kabeji.

Kabla hawajaagana, Wakio alimtia Ngui mbegu mbichi kiganjani.

“Otesha hizi. Zikikushinda, na mimi nitakushinda.”

Ikawa simu kila jioni, Ngui kwenye chumba chake cha kupanga Voi, Wakio kwao milimani. Bosi wa Nairobi alisema gunia moja si biashara, amwache huyo mwanamke wa milimani. Ngui akamwambia atafute pua nyingine. Wakio naye kila akiuliza habari za mbegu, Ngui alicheka tu na kusema Voi ni jua tupu. Wakio akaamini kwamba mpenzi wake amezitupa, na ilimuuma.

Kisha Ngui akamweleza mama yake, Mumbe, habari za Wakio. Kwa Wakamba kama wao, posa bila mbuzi ni porojo. Mumbe akapakia mbuzi kwenye pikapu kwenda kwa kina Wakio, na Ngui akanyamaza, eti amshangaze mpenzi wake. Mapenzi humfanya mtu mwerevu kuwa bwege. Crispus aliwapokea mbuzi hao kwa furaha, akawafunga kwa kamba iliyochoka. Hao walikuwa mbuzi wa nyika, hawajui boma. Kulipokucha, kitalu cha Wakio kilikuwa vijiti vitupu.

“Umeniletea mbuzi bila kuniuliza,” Wakio alisema kwenye simu.

“Mpenzi, kwetu hiyo ni heshima.”

“Heshima yenu imekula miche yangu. Na zile mbegu ulizitupa. Wachukue mbuzi wako, Ngui, na usinipigie tena.”

Mbuzi wakarudishwa. Wakio akalia mpaka akachoka kulia, kisha akanawa uso.

Siku mvua ilipoanza, Crispus alifika na jembe na miche ya kabeji. Alimkuta Wakio ameketi katikati ya shamba, gauni la njano limelowa chepechepe.

“Ukitaka kupanda kabeji, baba, anza kuzipanda juu yangu.”

Mara pikapu ikasimama barabarani. Ngui alishuka na kreti kifuani, na ndani yake majani mabichi yanayong'aa. Miezi yote hiyo alikuwa akiilea miche nyuma ya chumba chake, chini ya magunia, kwa maji ya kununua, mtaa mzima ukimcheka kwamba mti unaoga kuliko yeye.

“Mbona hukuniambia?”

“Ningekuambia imeota, halafu jua liiue? Nilitaka ipone kwanza. Na kuhusu mbuzi, nilikosa. Nilipaswa kukuuliza.” Akaweka kreti chini. “Sikuja kukuhamisha, Wakio. Nimekuja kupanda.”

Akamwamkia Crispus shikamoo kwa mikono miwili, akamwomba jembe. Mzee aliitazama miche, akamtazama mtoto wa ndugu yake ambaye bado hajainuka matopeni, akalitoa.

Walipanda mpaka mgongo ukawauma. Mche wa mwisho ulipokaa sawa, Wakio alimpangusa Ngui tope puani kwa kidole.

“Mwambie mama yako alete tena wale mbuzi.”

“Kweli, mpenzi?”

“Kweli. Lakini waje wameshachinjwa.”