Gunia Ameshuka Jembeni

Watu wananiita Gunia. Si tusi, jina hilo nalipenda. Binti yangu mkubwa ndiye dereva wa trekta letu, na mimi nilikuwa mzigo wake. Kweli! Nyuma ya trekta tumefunga rotaveta, lile jembe la visu vinavyozunguka. Ardhi ikiwa ngumu, visu vinarukaruka juu. Basi kwetu kila shamba lina mzee wake wa kukalia jembe ili lizame. Mimi kilo tisini na tano, nani angenishinda?

Asubuhi moja mawingu yalishaanza kutanda. Mahindi yalitakiwa yaingie ardhini wiki ileile. Nikavaa koti langu refu, lile ambalo bibi yenu kila siku alitaka kulifanya tambara. Nikapanda jembeni.

Hatukufika mbali. Upepo ukapeperusha koti, ncha yake ikagusa shafti, kile chuma kinachozunguka kutoka kwenye trekta kwenda kwenye jembe. Loo! Hata "mama" sikuwahi kusema. Koti likanivuta kama mtu mwenye hasira. Bahati yangu mikono ilichomoka kwenye koti, nikaangukia ubavu. Binti akazima injini.

"Baba! Miguu ipo?"

"Ipo yote miwili. Koti ndilo marehemu."

Hakucheka. Alikaa kwenye udongo. Kisha akainuka, akafuta macho.

"Shamba hili nitalimaliza kabla ya mvua," akasema. "Lakini wewe hupandi tena. Namwita fundi."

Niliumia, si ubavu tu. Gunia bila jembe ni nani?

Fundi alikuja, mama mmoja mfupi asiye na maneno mengi. Akalizunguka jembe mara moja tu.

"Shikamoo mzee. Kifuniko cha shafti kiko wapi?"

"Marahaba. Kilikuwa kinapiga kelele, nikakitoa. Kipo bandani, kuku anatagia humo."

"Samahani mzee, huyo kuku amekitumia vizuri kuliko wewe."

Mayai yakahamishwa, kifuniko kikarudi.

"Visu vikirukaruka msitafute mtu wa kukalia," akasema fundi. "Punguzeni mwendo. Haya mabati ya pembeni ndiyo yanayopima kina. Yashusheni, mpite juujuu kwanza. Halafu yapandisheni, mpite tena."

"Mara mbili? Na mvua ile kule?" nikauliza.

"Mzee, matanga yanachukua siku ngapi?"

Nikainama kuyashusha mabati.

"Na majani yakinasa kwenye visu?" binti akauliza. Kumbe alikuwa akiyachomoa kwa mkono huku injini inaunguruma!

"Shusha jembe chini. Kata nguvu ya shafti. Zima injini, chomoa ufunguo. Subiri visu visimame kabisa. Hapo ndipo uyatoe, tena kwa ndoano."

"Nikiwa pale chini, mtu akaja akawasha?"

Fundi akanigeukia. "Si una baba? Ufunguo akae nao yeye, mbali na jembe. Asimpe mtu mwingine."

Tukaanza upya. Polepole, mara mbili kila mstari. Mimi pembeni ya shamba, ndani ya sweta la kubana.

Siku ya tatu ukabaki mstari mmoja. Majani yakanasa. Binti akazima, akaniletea ufunguo, akarudi na ndoano yake. Mara jirani akaja mbio.

"Gunia! Mvua hiyo! Lete ufunguo niwashe, mmalizie!"

"Mwanangu hajatoka kwenye visu."

"Dakika moja tu, mzee. Umekuwa askari?"

"Ndiyo, askari. Kaa hapo."

Tone la kwanza likanipiga kwenye upara. La pili. Nikaukaza ufunguo kiganjani mpaka ukaniuma. Binti hakuharakisha. Alimaliza, akaja, akanyoosha viganja vyote viwili mbele yangu.

"Kumi, Baba."

Nikavihesabu vidole mwenyewe. Kisha nikampa ufunguo.

Mstari wa mwisho tuliumaliza tumelowa chapachapa. Na hayo mahindi mnayotafuna sasa hivi, wajukuu zangu, yametoka palepale.