Kibao cha Jeki

Kila jioni, mama akishabandika maharage jikoni, Mwanaima alikuwa na kazi ambayo watoto wenzake wa mtaani, pale Nachingwea mjini, hawakuwa nayo. Alipanda kwenye Landrova ya baba yake, akasukuma mbele kiti cha abiria, akafungua sanduku la bati lililokuwa nyuma yake. Humo ndani vilikaa vifaa vya safari. Mwanaima alivigusa kimoja kimoja, kisha akapaza sauti kuelekea barazani: "Vimo, baba!"

Baba yake, Adinani, alikuwa akibeba korosho kutoka mashambani kwenda ghalani. Mikorosho haikupandwa kando ya lami ili kuwafurahisha madereva, kwa hiyo Landrova ile ilipita njia za mchanga, makorongo na vichaka ambako ukikwama, fundi wa karibu ni wewe mwenyewe. Ndiyo maana baba hakuwa na mchezo na sanduku lake. Mlikuwa na jeki na spana ya magurudumu, pampu ya upepo, mnyororo wa kuvutia gari, panga, tochi, pembetatu nyekundu za kuwaonya madereva wengine na mfuko wa huduma ya kwanza. Sepeto, dumu la maji na tairi la akiba vilifungwa huko nyuma kabisa.

"Usivihesabu kwa macho," baba alimwambia siku alipomkabidhi kazi hiyo. "Macho huzoea, yakizoea hudanganya. Gusa kwa mkono."

"Hata hiki nikiguse?" Mwanaima alicheka, akiinua kipande cha ubao wa mninga, kinene na kizito. "Baba, hiki ni kuni!"

"Kuni ya nani? Hicho ndicho mkubwa wao. Kwenye mchanga jeki haiinui gari, huzama yenyewe. Ukiiweka juu ya kibao, inapata pa kukanyagia. Jeki bila kibao ni chuma cha kutuongezea mzigo."

Mwanaima alikuwa darasa la sita, na kazi hiyo aliifanya kwa fahari. Rafiki yake Prisca alimtania kwa kumwita fundi, naye hakukasirika hata kidogo.

Mwezi wa kumi na moja ulipofika, msimu wa korosho ukiwa umepamba moto, habari za bibi hazikuwa nzuri. Bibi, mama yake mama, aliishi katika kijiji kimoja huko Chunyu, wilayani Ruangwa. Zamani hakuna aliyeweza kushindana naye kubangua korosho. Sasa alikuwa mgonjwa, na mikono yake ilikuwa imekufa ganzi. Siku moja alizungumza na Mwanaima kwenye simu, sauti ikiwa ndogo.

"Mjukuu wangu, ningetamani mboga ya kuunga kwa korosho. Korosho ninazo, vidole ndio sina."

Maneno hayo yalimwingia Mwanaima. Aliamua kumbangulia bibi korosho kopo zima, ampelekee mwenyewe. Yeye na Prisca walizikaanga uani kwa akina Prisca. Korosho ikishakaangwa huwekwa juu ya kitu kigumu na kugongwa kwa kijiti, ganda lipasuke bila kuivunja punje. Walitafuta kitu kigumu, hawakukiona. Mwanaima akakimbia nyumbani, akarudi na kibao cha jeki.

"Baba yako akijua je?" Prisca aliuliza.

"Nakirudisha leoleo. Tena hata hakitumiki kila siku."

Walibangua hadi vidole vikawa vyeusi kwa mafuta ya maganda, na kibao nacho kikabaki na mabaka meusi. Kopo lilijaa. Mwanaima alilikumbatia akaenda zake nyumbani kwa furaha, huku kibao akikiacha palepale uani.

Alikikumbuka jioni, alipokuwa akifanya hesabu za shule. Baba aliuliza kutoka barazani, "Mwanaima, vifaa?"

Nje giza lilikuwa linaingia. Kwenda kwa akina Prisca kungemlazimu kueleza. Akajiambia kwamba kesho asubuhi, kabla ya shule, angekichukua.

"Vimo, baba," akajibu bila kuinuka.

Alfajiri simu iliita. Alikuwa mjomba Harithi, kaka yake mama. Mama alisikiliza, kisha simu ikamponyoka, naye akakaa chini sakafuni kama alivyokuwa. Bibi alikuwa amefariki.

Baba aliichukua simu na kuzungumza na shemeji yake. Wangemzika siku hiyohiyo, kwa kuwa maiti hawekwi. Ila kwa ajili ya mama, aliyekuwa binti pekee, wangengoja mpaka baada ya sala ya alasiri.

"Msinizikie mama sijamwona," mama alisema, akilia. "Mwambie Harithi. Nataka nimwone uso tu, basi."

"Utamwona, Mama Mwanaima," baba alimjibu. "Tukiondoka mapema tutafika."

Mwanaima alisimama mlangoni, machozi yakimtoka. Alikuwa akimpenda bibi yake. Ndipo kibao kilipomjia akilini. Nyumba ya akina Prisca ilikuwa pale tu, nyuma ya duka la mtaani. Alifungua mdomo aseme, akaona namna mama alivyokuwa akihangaika kufunga khanga. Akaogopa kuongeza neno la makosa katika asubuhi ya msiba. "Tairi halitapasuka leo," akajiambia, akaufunga mdomo. Alichukua kopo la korosho, ingawa hakujua sasa lilikuwa la nani.

Kujaza mafuta na kuwaaga majirani kulichukua muda, lakini walipoipita Ruangwa jua lilikuwa bado halijafika utosini. Baadaye waliiacha barabara kuu, wakaingia njia ya mashambani. Mama alikuwa akivuta tasbihi. Njia ilishuka kwenye korongo pana lililokauka, mchanga mtupu. Katikati yake gari liliruka, ukasikika mlio, kisha likaegemea upande mmoja. Kisiki kilichofukiwa na mchanga kilikuwa kimelichana tairi la nyuma.

"Msiwe na wasiwasi," baba alisema, tayari ameshateremka. "Tairi la akiba ni zima. Mara moja tu tunaondoka."

Alifungua sanduku. Akatoa jeki, akatoa spana. Mkono wake ukaendelea kutafuta ndani. Akatoa kila kitu, akakipanga mchangani, akainama tena na kuchungulia.

"Mwanaima. Kibao kiko wapi?"

"Kiko kwa akina Prisca, baba. Nilibangulia korosho za bibi."

"Jana nilikuuliza."

"Nilikudanganya."

Baba alimtazama. Hakupiga kelele, hakumnyanyulia mkono. Uso wake ulilegea tu, kama wa mtu aliyechoka ghafla. "Shika sepeto," alisema.

Waliweka jeki juu ya jiwe, jiwe likapasuka. Wakakata matawi, yakazama mchangani pamoja na jeki. Wakaweka gogo, gari lilipoanza kuinuka gogo likaviringika, na baba akaponea chupuchupu kubanwa mkono. Wakachimba wapate udongo mgumu, lakini kila walichochota kiliporomoka tena. Simu haikuwa na mtandao mle korongoni, na baba alipopanda ukingoni hakuupata pia. Hata bodaboda haikupita. Watu wa vijiji vya huko walikuwa msibani kwa bibi.

Mama alisimama kando akiangalia jua. Liliuvuka utosi, likaanza kuteremka. Mwishowe alivua viatu akavishika mkononi.

"Unakwenda wapi?" baba aliuliza.

"Kwa mama."

"Ni mbali, mke wangu. Hutafika kwa miguu."

"Nikikaa ndiyo nitafika?"

Akaanza kutembea. Mwanaima alimwona mama yake akipanda ukingo wa korongo, khanga ikipeperuka, mpaka akatokomea. Alitaka kumkimbilia, lakini alikuwa na sepeto mkononi, na kuchimba ndiko kulikobaki. Alichimba akilia kwa sauti, wala hakujali nani anamsikia.

Msaada ulipokuja, ulikuja polepole, kwa mwendo wa ng'ombe. Alikuwa mfugaji mmoja aliyehamia huko na mifugo yake kutoka upande wa Ziwa Victoria, jina lake Nkwabi. Mkokoteni wake ulibeba madumu ya maji. Alilitazama gari, akaitazama jeki iliyozama, hakuhitaji kuelezwa.

"Hapa panataka ubao," alisema.

"Tulikuwa nao," baba alijibu, basi.

Nkwabi aliteremsha madumu yake yote. Akachukua panga la baba, akang'oa ubao mmoja wa sakafu ya mkokoteni wake mwenyewe. Jeki ikapata pa kukanyagia. Tairi likabadilishwa kwa muda mfupi mno, muda ambao Mwanaima asingeusahau, kwa kuwa ndio peke yake ambao kazi ile ilihitaji tangu mwanzo. Baba alitaka kumrudishia ubao.

"Nendeni nao," Nkwabi alisema. "Mbele kuna korongo lingine. Nimempita mama mmoja njiani anatembea analia, nikamwambia pole mayo, pole mama, hakunisikia. Mkamchukue."

Walimkuta mama mbali kuliko walivyodhani, nyayo zimechubuka. Alipanda. Baba aliendesha kwa kasi ambayo siku nyingine angeikataza.

Walipokaribia kijiji waliwaona wanaume wakija njiani, kofia kichwani, majembe begani. Majembe yalikuwa na udongo mbichi. Mama aliyaona. Hakungoja gari lisimame vizuri.

Mjomba Harithi alimpokea mikononi. "Tumekungoja, dada. Tulisali, tukangoja tena. Simu zenu hazipatikani, masheikh wakasema jua linakwisha. Nisamehe."

"Sikumwona, Harithi," mama alisema. "Sikumwona uso."

Akarudia maneno hayohayo mara nyingi, mpaka wanawake wakaja kumchukua na kumwingiza ndani. Mwanaima alibaki garini na kopo lake magotini.

Jioni baba alimwita pembeni. "Mimi ni dereva. Nilipaswa kugusa mwenyewe kabla ya safari kama ile, na hilo nitalibeba mimi. Lakini mama yako hajui habari ya kibao. Mimi sitamwambia. Hilo ni neno lako."

Mwanaima aliingia chumbani ambako mama alikuwa amekaa mkekani na wafiwa wenzake. Akapiga magoti, akamweleza yote, pamoja na ile asubuhi alipofungua mdomo akaufunga. Mama alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akageuza uso ukutani. Mwanaima angefurahi kuchapwa kuliko kuuona mgongo ule.

Waliporudi Nachingwea, Mwanaima alikifuata kibao. Alikisugua kwa mchanga na sabuni lakini mabaka hayakutoka. Baba akakitoboa tundu na kukifunga na jeki kwa kamba, kimoja kisitoke bila kingine. Mama alimtuma Mwanaima kazi za nyumbani, akamwitikia salamu, lakini yale mazungumzo yao ya jikoni yalikuwa yamekatika. Usiku Mwanaima alimsikia akilia taratibu.

Siku ya arobaini ilipowadia, walisafiri tena kwenda Chunyu kwa ajili ya hitima. Njiani walipita kwa Nkwabi. Mwanaima alimkabidhi ubao mpya uliopigwa randa, pamoja na ule wake wa zamani.

"Ubao mmoja tu, mnanirudishia miwili!" Nkwabi alicheka. "Je, mama, uliwahi?"

"Sikuwahi," mama alijibu.

Nkwabi akavua kofia yake.

Baada ya hitima mama alimwita Mwanaima kwenye banda la jiko la bibi. Chungu cha mboga kilikuwa mekoni, na kando yake lilikuwepo kopo la korosho. Mama alilifungua, akazimimina korosho kwenye kinu, akaanza kuzitwanga.

"Bibi yako angezifurahia," alisema. "Najua ulizibangua kwa mapenzi. Nilikuwa na hasira nawe, Mwanaima. Bado nina uchungu, na uchungu huu sijui utakwisha lini."

"Nisamehe, mama."

"Nimekusamehe. Lakini nisikilize vizuri. Kukichukua kibao lilikuwa kosa dogo, mtoto yeyote angelifanya. Hata kukisahau. Ukweli ulikuwa nyumba chache tu kutoka kwetu, ungeufuata ukarudi nao kabla baba yako hajawasha gari. Ulisema 'vimo' ili usisumbuke, asubuhi ukanyamaza ili usigombezwe. Mtu anayeulizwa vifaa vya safari, mwanangu, anaulizwa habari ya maisha ya watu. Akikosa, aseme amekosa, wakati bado kuna nafasi ya kurekebisha. Ukweli uliousema korongoni ulikuwa uleule wa asubuhi, ila ulikuwa umechelewa. Nami nikachelewa pamoja nao."

Mwanaima alilia. Mama akamvuta, akamkumbatia kwa mkono mmoja, mwingine ukiwa bado umeshika mchi.

Kesho yake waliaga. Baba alikuwa ameshakaa kwenye usukani. Mama alisimama nje ya mlango wa gari, hakupanda. Tangu Mwanaima apewe ile kazi, mama hakuwahi kuuliza swali lile hata siku moja.

"Mwanaima, vifaa?"

Alikuwa amevikagua muda mfupi tu uliopita, na jibu lilikuwa ulimini. Hakulitoa. Alipanda, akasukuma kiti, akafungua sanduku. Akagusa spana, pampu, mnyororo, panga, tochi, pembetatu, mfuko wa dawa. Akagusa jeki, na chini yake akakipapasa kibao mpaka vidole vikafika penye mabaka. Akateremka, akazunguka nyuma, akagusa sepeto, dumu na tairi. Mama alimngoja.

"Vimo, mama," akasema.

Mama akapanda gari.