Mazuku Hayapigi Hodi

Kila asubuhi kabla ya shule mimi hufagia uwanja wetu hapa kijijini Lac Vert, na kila asubuhi namsikia Mama. Ni miaka miwili sasa tangu homa imchukue, lakini maneno yake hayakuzikwa naye. Nikiacha kidumu cha maji wazi, namsikia: "Umewaalika nzi?" Nikivuta blanketi wakati jogoo amekwisha kuwika: "Kitanda hakijawahi kumlisha mtu." Na nikimfukuza mbuzi wetu asiteremke kwenye bonde dogo nyuma ya nyumba, kati yetu na jirani, nalisikia lile alilolipenda kuliko yote: "Mazuku hayapigi hodi."

Sisi wa huku tunayajua mazuku. Ni hewa mbaya itokayo ardhini kwa sababu ya volkano. Haina rangi wala moshi. Ni nzito, hutuama mabondeni kama maji, hasa asubuhi na jioni upepo ukitulia. Moto huzimika ndani yake, na anayelala chini humo haamki.

Jioni moja vita vilifika mji wa jirani wa Sake, na barabara ikajaa watu waliobeba magodoro vichwani. Jirani yetu, Papa Viateur, alimpokea mama mmoja aitwaye Mukamazimpaka, mwenye mtoto mchanga mgongoni. Nilifurahi. Kisha nikaona mahali alipomwonyesha kutandika turubai lake: ndani ya bonde lile lile, ambamo mbuzi wake mwenyewe walikufa! Uwanja wake wa juu, mkubwa na tambarare, alikuwa ameujaza mawe ya kujengea.

Nilikimbia kwa baba, aliyekuwa akichambua maharagwe.

"Papa, jirani anataka kulaza mugeni ndani ya mazuku!"

Baba hakuinua macho. "Najua. Lakini Viateur ni jirani yetu, Umuhoza. Tusiingilie mambo yake."

"Mama anasema aliyeona na akanyamaza, amesaidia kuua!"

Baba aliendelea kuchambua maharagwe. Nikachukua mshumaa, kiberiti, kamba na mkebe mtupu, nikaenda peke yangu.

"Papa Viateur," nilisema, "huyu mama asilale humu."

"Weye mutoto unajua nini? Hiyo mazuku ni upepo tu," alinijibu. "Na mama yako mwenyewe alikuwa anasema mugeni hanyimwi pa kulala. Umesahau?"

Hapo ndipo nilipokasirika kweli. Kumlaza mgeni kwenye kifo, kisha kujifunika kwa maneno ya marehemu! Tena ameyakata katikati!

"Malizia basi!" nilisema kwa sauti. "Volkano ilipolipuka tukakimbilia Sake, mama mumoja wa kule alitupatia kitanda chake, yeye akalala jikoni. Ndiyo maana Mama anasema: mugeni hanyimwi pa kulala, na hapewi pale mwenyeji anaogopa kulala. Kama ni upepo tu, Papa, weye lala humu leo. Huyu mama alale ndani ya nyumba yako."

Sikungoja jibu lake. Nikawasha mshumaa, nikausimamisha ndani ya mkebe, na kutoka ukingoni nikauteremsha polepole kwa kamba, kama Mama alivyonifundisha. Mwali ukapungua, ukazimika. Nikaupandisha, nikauwasha tena. Ukazimika pale pale.

Mukamazimpaka alikuwa ukingoni, mtoto wake mikononi. Alirudi nyuma, akamkumbatia kwa nguvu.

"Papa, mulijua?" alimuuliza Viateur. "Mulijua?"

Papa Viateur aliyatazama mawe yake. Nyuma yangu sauti nyingine ikajibu. Alikuwa baba.

"Tulijua, mama. Sisi wote." Kisha akakunja mikono ya shati. "Viateur, shika upande ule. Haya mawe yanatoka hapa."

Papa Viateur aliyashika. Walijenga ukuta kuzunguka bonde ili mtoto wala mnyama asiteremke tena, na pale juu, palipobaki peupe, tukafunga turubai la mgeni. Mtoto alilala akiwa amekunja ngumi, akipumua vizuri.

Mukamazimpaka alinishika mkono. "Umuhoza, mama yako iko wapi? Nataka nimushukuru."

Jioni nzima nilikuwa nikisema "Mama anasema", kama mtu aliyemwacha nyumbani akipika. Nililia bila kujificha.

"Alifariki, mama," baba alimjibu. Akaweka mkono begani kwangu, lakini alimtazama Papa Viateur alipoendelea. "Kujua hatari na kunyamaza ni kudanganya. Leo mimi muzima nilinyamaza, na marehemu ndiye alisema."