Jibu Lilikuwa C

Simu iliita mara moja, ikakatika. Ikaita tena mara mbili.

Makoye aliirudisha chapati kwenye sahani, akapokea.

"Chumvi imemwagika," ilisema sauti ya Nelly, mpokeaji wa taarifa wa Idara ya ujasusi, kutoka Shinyanga.

"Wapi?"

"Hapohapo ulipo. Katoro."

Ilikuwa saa nne na dakika kumi na mbili asubuhi. Chini ya mto wa kitanda cha gesti kulikuwa na Beretta yenye risasi kumi na tano, na kwa jambo hili haikuwa na msaada wowote. Kwa lugha ya Idara chumvi ni siri.

"Ujumbe wa majaribio aliotuma Dorika jana haukutufikia," Nelly aliendelea. "Umefika Chato, kwa Telesphori. Tumemsikia akipiga simu mashineni kwake asubuhi hii. Anasema kuna mtu humo ndani anaandika nje. Ameagiza geti lifungwe. Bado hajajua ni nani."

"Na leo?"

"Saa tano kamili Dorika anatuma jina la mwalo wanapopakilia ziwani na la boti. Ujumbe ukipita njia ya jana, Telesphori ataufuata mpaka mezani ulikotoka. Hiyo njia uliiandika wewe, Makoye. Irekebishe."

Simu ikakatwa.

Dirishani, ng'ambo ya barabara, ilionekana mashine ya kukoboa mpunga ya Telesphori. Mpunga ulikobolewa kweli. Ila magunia ya pumba yaliyoondoka hapo kwenda ziwani yalibebwa na watu wawili wawili, maana katikati yake kulikuwa na dhahabu ya magendo. Leo yalikuwa kumi na manne, na yalishaondoka alfajiri.

Dorika alikuwa karani humo. Mwanamke wa Ushirombo, mama wa watoto wawili, alikubali kuisaidia Idara kwa sababu aliambiwa mtaalamu atamlinda. Kumpigia haikuwezekana: kila asubuhi wafanyakazi waliacha simu zao getini, ndani ya ndoo. Alichokuwa nacho ni kompyuta ya risiti, na juu yake, darini, ruta ndogo ambayo Makoye aliificha wiki iliyopita akijifanya fundi wa intaneti. Ruta hiyo ilitakiwa kuuchukua ujumbe wake na kuupeleka Shinyanga kwa modemu ya siri.

Makoye alifungua laptop. Akaingia kwenye ruta. Akaita jedwali la njia.

Mistari saba ya namba ikajipanga mbele yake.

Hakuelewa hata mmoja.

Tuseme ukweli, kwa kuwa yeye hakuusema. Cheti chake cha mitandao, kilichomfanya apewe kazi hii, kilikuwa cha kukariri. Alikaa wiki mbili kwenye darasa la Mwalimu Swaumu pale Shinyanga mjini. Zilipofika hesabu za anwani akasingizia safari. Kwenye grupu moja la simu akapata maswali yaliyovuja, mia mbili na kumi, akashika herufi za majibu bila kusoma kilichoandikwa mbele ya kila moja. Akapata mia tisa na arobaini kati ya elfu moja. Ofisi nzima ilimpigia makofi, na katikati ya makofi yale aliona aibu kidogo, ikapita.

Leo haikupita. Ilimpanda mpaka masikioni, masikio yakawa ya moto.

Saa nne na dakika ishirini na tano. Kulikuwa na mtu mmoja tu wa kumpigia.

"Shikamoo, Mwalimu."

Swaumu alikuwa mdogo kwake kwa miaka sita, na siku zote darasani Makoye alikaa kusubiri aamkiwe yeye.

"Marahaba," Swaumu alisema. "Leo kuna nini? Si ndiye wewe wa mia tisa na arobaini?"

"Nilikariri, Mwalimu. Majibu yote. Sijui kitu."

"Nilijua. Mtu aliyekimbia hesabu za anwani atapata wapi alama zile?"

"Kuna mtu atauawa nikikosea tena. Nina mpaka saa tano."

Hakuuliza ni nani. "Nisomee jedwali. Polepole."

Makoye alisoma. "Kumi, ishirini, sifuri, sifuri, alama ya mkwaju, kumi na sita, inakwenda kwenye modemu yangu. Hii niliiandika mimi. Halafu kumi, ishirini, tano, sifuri, mkwaju ishirini na nne. Hii inakwenda Chato."

"Ya pili nani kaiandika?"

"Imejileta."

"Ruta yako imejifunza kutoka kwa ruta ya hapo. Seva yenu ya Shinyanga ina anwani gani?"

"Kumi, ishirini, tano, tisa."

"Basi na Chato wanatumia namba hizohizo. Ni namba za ndani, kila mtu hujipangia. Umewahi kutuma mzigo kwa basi?"

"Mara nyingi."

"Mzigo umeandikwa Shinyanga, Ngokolo, kwa Mama Raudha. Wakala mmoja anasema, mimi napeleka Shinyanga. Mwingine anasema, mimi nafika mpaka Ngokolo. Utampa yupi?"

"Wa Ngokolo."

"Hata kama yule wa kwanza ni ndugu yako?"

"Hata kama."

"Na ruta ni hivyo hivyo. Haijali nani kaandika kwanza wala nani ni ndugu. Inamfuata aliyeitaja anwani kwa undani zaidi. Ishirini na nne ina undani zaidi, inaishinda kumi na sita."

Makoye alifumba macho. Swali la arobaini na moja. Jibu lilikuwa C. Alilibonyeza kwa sekunde tatu, tena kwa madaha.

"Niifute ya Chato?"

"Itajileta tena. Fikiri. Ishirini na nne inashindwa na nini?"

Saa nne na dakika hamsini na moja.

"Mwalimu, tafadhali, niambie tu niandike nini."

"Hivyo ndivyo ulivyopata cheti," Swaumu alisema, bila ukali wowote, na hilo ndilo lililomuuma. "Kesho itakuwa ruta nyingine na mimi sitakuwepo. Fikiri."

Jasho lilimdondoka kwenye kibodi. Shinyanga. Ngokolo. Kwa Mama Raudha.

"Thelathini na mbili," alisema. "Anwani moja tu. Seva peke yake."

"Iandike."

Aliandika. Vidole vilikosea mara mbili.

"Sasa ipime."

Alipima. Hatua ya kwanza, modemu. Hatua ya pili, Shinyanga. Chato haikuonekana popote.

"Inapita kwetu, Mwalimu."

"Siku nyingine njoo na daftari," Swaumu alisema, akakata.

Saa tano kamili.

Saa tano na dakika moja.

Saa tano na dakika mbili. Nelly akaita redioni. "Umefika. Mwalo, boti, kila kitu. Doria ya ziwani imeondoka. Mtoe Dorika."

Makoye alivuka barabara akiwa fundi tena, ngazi begani, Beretta ndani ya ovaroli.

"Mwangaluka," alimsalimu mlinzi wa getini kwa Kisukuma.

"Mwangaluka. Leo haingii mtu, nkoi, hata rafiki."

"Bosi kanituma. Intaneti yenu imekufa."

Mlinzi aliinua simu ya upepo. Ngazi ilimshukia mguuni, akaenda chini akilia. Mlinzi wa pili alishika panga, akaona mdomo wa bastola, akaliweka chini mwenyewe, taratibu. Kazi yote haikufika dakika moja. Aliposikia akiitwa jina, Dorika alitoka mbio, akaichota simu yake kwenye ndoo, akaingia kwenye Land Cruiser ambayo Makoye aliiacha ikinguruma nyuma ya gesti. Makoye akashika usukani.

Nusu saa baada ya kuiacha Katoro, redio ilisema boti imekamatwa na magunia yote kumi na manne, na Telesphori yumo.

Dorika hakuwa anasikiliza redio. Alikuwa kwenye simu na dada yake, akipiga kelele.

"Ni mume wako, dada! Paschal! Siri hii nilimwambia yeye peke yake, na leo wamefunga geti wakaanza kunitafuta! Kaniuza! Nusura nife mimi, halafu ulale naye kitanda kimoja?"

Sauti ya mwanamke anayelia ilisikika mpaka kwenye usukani.

Makoye angeweza kunyamaza. Idara ingenyamaza pamoja naye. Alisimamisha gari pembeni, karibu na kituo cha mabasi, akazima injini.

"Si Paschal."

"Ni nani basi?"

"Ni mimi. Niliandika njia vibaya. Ujumbe wako niliupeleka Chato mwenyewe, kwa sababu kazi niliyosema naijua siijui. Nilidanganya kwenye mtihani."

Dorika aliishusha simu sikioni.

"Yule mtaalamu mliyesema atanilinda," alisema. "Ni wewe?"

"Ndiyo."

Hakumtukana. Ingekuwa afadhali amtukane. Aligeuza uso kuelekea dirishani, akairudisha simu sikioni.

"Dada, usilie. Mpe Paschal simu. Shemeji... shemeji, nisamehe."

Makoye aliacha ufunguo kwenye gari, akamwashiria dereva wa Idara aliyekuwa akisubiri kituoni ampeleke mama huyo kwa watoto wake. Kisha akaliendea basi la Shinyanga, kwa Mwalimu Swaumu.

Alitembea wanavyotembea majasusi, polepole, mikono mifukoni, bila kugeuka nyuma. Waliomwona walidhani ni ujasiri. Aliogopa tu kukutana na macho ya yule mwanamke.