Lady Edmund Hayupo

Foleni ilianzia kwenye duka la vitabu la stesheni ya Euston ikaishia kwenye kibanda cha kahawa. Philippa Garside, ndani ya gauni la kijani, alikuwa akitia sahihi riwaya yake ya mapenzi ya makabaila wa zamani, pale mwanamume mrefu mwenye koti lililochakaa alipofungua ukurasa wa tisini.

"Hapa umekosea. Harriet ni binti wa muoka mikate, kaolewa na Lord Edmund, mtoto wa tatu wa kabaila. Haitwi Lady Harriet. Anaitwa Lady Edmund."

"Jina la mume! Na lake limekwenda wapi?"

"Limefutwa. Ndiyo desturi."

"Desturi yako kaitundike ukutani. Harriet wangu hafutwi!"

Mwanamume akacheka, akanunua nakala mbili. Jina lake Barnaby, fundi piano. Kufika kiangazi walikuwa wakipigiana simu kila asubuhi, yeye akimwita Philippa "mkaidi wangu", naye akiitwa "Bwana Masahihisho". Philippa alipenda, tena alipenda kweli.

Halafu siku moja, mezani kwa Barnaby, akaona bahasha: *Lord Barnaby Thorne*. Akatoka bila kuaga. Simu ikamkuta njiani.

"Pippa, mpenzi, mimi ni mtoto wa nne wa kabaila. Sina hata shamba."

"Kumbe ukinioa, Lady Barnaby ni mimi! Ulikuwa unanicheka?"

"Nilikuwa naogopa. Mke wa ami yangu tulimwita Lady Rupert maisha yake yote. Kwamba anaitwa Winifred, nilijua siku ya maziko."

Philippa akakata simu, akalia. Alimlilia Barnaby, na Winifred pia.

Lakini mwanamke mwenye kalamu usimchezee. Kitabu kilipochapwa upya, ukurasa wa tisini mtangazaji wa karamu anapaza sauti, "Lady Edmund!" Harriet anabaki mlangoni. "Hayupo," anajibu. "Niite Harriet, au narudi nyumbani."

Siku Philippa alipokitia sahihi Euston, Barnaby alirudi kwenye foleni ileile, akausoma ukurasa akiwa amesimama.

"Sasa ni sahihi," akasema. "Niko tayari kukuoa, Pippa. Ila kwetu watakutangaza vilevile."

"Watangaze. Nitasimama mlangoni mpaka supu ipoe."

"Tutasimama wote."

"Na nani atawajibu?"

Barnaby akageukia foleni, akavuta pumzi, akapaza sauti mpaka wasafiri wakaacha kutazama ubao wa treni.

"Lady Barnaby hayupo! Huyu ni Philippa Garside!"