Mwewe Aliyetazama Kushoto

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Kavinya alifungua dirisha la nyumba yao ya Kaloleni na kuliegemeza kwa kipande cha mbao. Kilikuwa cha babu yake, Mzee Munyao mchongaji, nacho kilichongwa mwewe aliyekunjua mabawa. Miaka nenda miaka rudi, kazi yake ilikuwa kuzuia dirisha tu.

Basi chuo cha ufundi cha jirani kikatangaza shindano: watoto wa mtaa wachore nembo mpya ya timu yake ya kandanda, iitwayo Mwewe. Kavinya, kwa kupenda kucheza kati, ule mchezo wa kukwepa mpira, alisahau mpaka siku ya mwisho. Uvivu huo jamani! Alilaza karatasi juu ya ile mbao, akasugua penseli, na mwewe mzima akajitokeza.

Akashinda.

"Umebuni mwenyewe?" Mwalimu Nyawira, mlezi wa timu, alimuuliza alipowaletea habari nyumbani.

"Ndiyo, mwalimu. Imetoka kichwani mwangu."

Babu aliinua macho kutoka kwenye patasi yake, kisha akaendelea kuchonga.

Jumamosi watu walifurika ukumbini kumwona Kavinya akituzwa. Mwalimu Nyawira alisimulia historia ya timu, halafu akakunjua jezi ya kwanza kabisa, iliyopauka kwa uzee. Loo! Mwewe yule yule! Ila wa jezi alitazama kulia, na wa Kavinya kushoto.

"Jezi hii tumeipata juzi stoo," alisema. "Aliyebuni nembo yake hatumjui, maana jina lake halikuandikwa popote. Kavinya, uliwahi kuiona?"

Kavinya alimtazama babu, aliyeketi safu ya tatu na koti lake la kanisani. Akidanganya tena, makofi yatakuwa yake, na jina la babu litapotea kabisa. Aliona aibu mpaka machozi yakamlengalenga.

"Nilidanganya," alisema. "Ni kazi ya babu yangu. Nilisugua karatasi juu ya mbao yake."

"Ala! Mzee Munyao?" Walter, nahodha wa timu, alishangaa.

Babu akasimama. "Nilikuwa fundi pale chuoni. Ile mbao ni muhuri, na muhuri huchongwa kinyume ili picha igeuke kwenye kitambaa. Jezi zote nilizigonga kwa mkono. Sasa huyu mwewe wangu mdogo kanyakua asichokijua!"

Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Zawadi alipewa Kiarie, aliyekuwa wa pili. Lakini timu iliamua kurudia nembo ya zamani, jina la Munyao likiwa chini yake, na kumwomba mzee agonge jezi mpya.

"Mbona hukunisema, babu?" Kavinya aliuliza wakirudi nyumbani.

"Nilitaka ukweli utoke kinywani mwako. Njia ya mwongo ni fupi, mjukuu wangu. Kazi ya mtu ni jina lake; ukiichukua bila kumtaja, umemfuta. Leo umenirudishia jina langu."

Walipofika, alimkabidhi patasi na kipande cha mbao kisichochongwa kitu.

"Haya, sasa chonga wako."