Kiu ya Jiwe la Bubu

Jumapili saa saba mchana, Fabian alijaza maji kwenye chupa yake ya baiskeli, akakaza kifuniko, akaiweka mezani na kugeuka kuchukua taulo. Alipogeuka tena, chupa ilikuwa tupu. Meza kavu, sakafu kavu, kifuniko kimekazwa vilevile. Kwenye mdomo wa chupa palikuwa na alama nyekundu, kama ile anayoiacha mwanamke aliyepaka rangi ya mdomo.

"Yasinta, umekunywa maji yangu?"

"Maji gani tena? Mimi nafua huku!" mkewe alijibu kutoka uani.

Fabian akaisugua ile alama kwa kidole. Haikutoka. Hapo hapo angekuwa muungwana angetoka uani, akae kwenye ndoo iliyopinduliwa, amwambie mkewe kila kitu. Lakini ndiyo hivyo. Aibu aliyokuwa nayo ilikuwa imeshatimiza siku nane, na kila siku ilizidi kuwa ngumu kuitoa mdomoni.

Haya, turudi kwenye hizo siku nane. Fabian ni mtu wa ofisini, anakaa mjini, mtaa wa Area D, na kitambi kilipoanza kumchungulia alinunua baiskeli ya milimani akajiunga na wenzake watano. Jumamosi wanapakia baiskeli kwenye pikapu mpaka Chemba, kisha wanafuata njia ya ng'ombe kando ya Mto Bubu. Ni njia ya upole, haina mlima wa kumtoa mtu roho. Unapita kwenye mchanga, chini ya migunga, kando ya mashamba ya uwele na kuta za boma la zamani zilizobaki nusu, halafu unalifikia jiwe kubwa lenye michoro ya watu wa kale. Wamechorwa wanne, wekundu, wembamba, vichwa vikubwa, wamefifia kiasi kwamba lazima uambiwe uangalie wapi.

Anayewaongoza ni Kefa, mdogo wake Yasinta, mtu mzima mwenye watoto watatu. Kijiji kilimkabidhi ulinzi wa lile jiwe, na hiyo ndiyo kazi iliyokuwa inamlisha.

Pale pana mwiko mmoja tu. Kabla ya kulifikia jiwe kuna rundo la mawe, na kila mtu anashuka hapo, anaacha chupa yake ya maji, anakwenda kwa miguu hata kama koo linamwaka.

"Hata tone, shemeji," Kefa alimwambia. "Wale wamekaa wakavu tangu babu za babu zetu. Tuwaache hivyo hivyo."

Fabian aliitikia kwa kichwa. Kumbe chupa ya pili alikuwa nayo kwenye mfuko wa nyuma wa fulana. Aliwasubiri wenzake watangulie, akawamwagia wale watu maji ili rangi ikolee apate picha. Ikakolea kweli. Mmoja wao, yule wa mwisho, alikolea mpaka akaonekana macho. Fabian akapiga picha, akarudi kwenye rundo, akapanda baiskeli, akaondoka anapiga mluzi. Mtu mzima, na kitambulisho cha ofisi shingoni!

Jumatatu wanakijiji walikuta rangi imetiririka mpaka chini. Mama Scolastika, mwenyekiti wa kamati ya jiwe, alimpigia Fabian simu mbele ya kikao chote.

"Mwanangu, wewe ulikuwa wa mwisho pale. Uliona nani ana maji?"

Angeweza kusema. Badala yake alisafisha koo akajibu, "Shikamoo mama. Mimi sikuona mtu. Ila Kefa alikuwa na dumu, labda alisahau."

Kefa akafukuzwa siku ile ile. Jioni Yasinta alilia kwa ajili ya mdogo wake, na Fabian akampigapiga mgongoni akisema, pole mke wangu, dunia ina watu wabaya.

Sasa turudi kwenye ile chupa. Baada ya chupa likafuata jagi la sebuleni, kisha ndoo ya jikoni, kisha tangi la uani ambalo fundi alilikagua akaapa halivuji. Nyumba ikaanza kunuka vumbi lililopigwa na mvua ya kwanza, na ilikuwa mwezi wa saba, mvua iko mbali. Halafu sauti. Mtu anafyonza, taratibu, bila kupumzika, na ukiingia chumbani anakoma.

Jumanne Fabian alirudi kula chakula cha mchana. Jua lilikuwa kali, mlango wa jikoni uko wazi, na aliisikia ile sauti akiwa bado kwenye baraza, akavua viatu bila kujua kwa nini anavivua, akanyata ukutani mpaka mlangoni, akachungulia, akamwona binti yake Debora, mtoto wa miaka sita, amepiga magoti kando ya ndoo na kikombe mkononi, anachota na kukiinua juu, anachota na kukiinua juu, na aliyekuwa anakipokea alikuwa mwembamba, mwekundu, kichwa chake kikubwa kimegusa dari na kuacha alama ya udongo, na alipoinama kunywa aliinama polepole sana, kiungo kwa kiungo, mpaka macho yake, yale aliyoyakoleza Fabian mwenyewe kwa maji yake mwenyewe, yakamtazama.

Kikombe kilianguka. Jikoni hapakuwa na mtu mwingine.

"Baba, usimfukuze," Debora alinong'ona. "Ana kiu."

"Nani, mama? Nani ana kiu?"

"Huyu. Anasema hakuwa nayo. Anasema wewe ndiye uliyemwonjesha."

Kuanzia saa ile mtoto alianza kukauka. Alikunywa jagi baada ya jagi na midomo ikazidi kupasuka, ngozi ya mikono ikajikunja kama ya bibi kizee. Hospitali wakamtundikia dripu. Chupa iliisha muuguzi akiwa bado anafunga bandeji, akaweka ya pili, nayo ikaisha. Yasinta alikuwa anamlowesha mwanawe midomo kwa kidole chenye maji, analia kimya kimya. Fabian aliona haya mpaka akashindwa kukaa naye chumba kimoja.

"Natoka kidogo," alisema. Akapanda gari mpaka Chemba.

Mama Scolastika alikusanya watu palepale kwenye rundo la mawe. Kefa alikuja na nguo za shamba. Fabian alipiga magoti, mchanga unaunguza.

"Ni mimi," alisema. "Nilificha chupa. Nikawamwagia maji ili nipate picha. Halafu nikamsingizia shemeji yangu. Sasa mmoja wao yuko nyumbani kwangu, anamkausha mwanangu."

Hakuna aliyemtukana. Afadhali wangemtukana. Mzee mmoja akatema mate pembeni akaondoka. Mama Scolastika akamwamuru aifute ile picha mbele yao, kisha achote mchanga mkavu kwa viganja na kulipangusa nao jiwe mpaka chini, na kila kiganja aseme jina la mwanawe. Alifanya hivyo hadi viganja vikachubuka. Chupa yake akaiacha kwenye rundo.

"Yule amesikia," Mama Scolastika alisema. "Lakini yeye alinywea kwenye siri yako. Kila uliyemficha jambo hili umwambie kwa mdomo wako, leo hii. Akibaki mmoja, naye atabaki huko huko kwako."

Fabian akamgeukia Kefa. Kefa alikuwa anatazama mto.

"Mimi nimekusamehe, shemeji," alisema. "Ila dada simwambii. Hilo la kwako."

Njiani simu ikaita. Yasinta alikuwa anacheka na kulia pamoja. Debora amekunywa kikombe kimoja akasema, basi, nimeshiba. Ngozi imerudi, wameruhusiwa, wako nyumbani.

Alipofika, Yasinta alimrukia mlangoni, akamkumbatia kwa nguvu.

"Kefa amenipigia! Anasema umekwenda mpaka kijijini, umeongea mbele ya watu wote, wamemrudishia kazi yake. Mwanao mgonjwa, na bado ukaenda kumpigania mdogo wangu!" Akamshika uso kwa viganja viwili. "Mimi nimeolewa na mtu, jamani."

Fabian alifungua mdomo. Maneno yalikuwepo, yaleyale aliyoyasema mbele ya kijiji kizima. Alimtazama mkewe, jinsi alivyokuwa anamtazama, macho yamevimba kwa kulia na bado yanang'aa.

"Ni wajibu wangu," alisema.

Yasinta akaenda kupakua chakula. Fabian alibaki amesimama sebuleni, viganja vinamuwasha, na harufu ya vumbi lililonyeshewa ikapita taratibu ikitokea upande wa chumba cha mtoto.

"Mama," Debora aliita kutoka kitandani, sauti imekwaruza. "Naomba maji. Tuletee vikombe viwili."